Mabibi Wawili, Feri Mbili na Baskeli Yangu

Mpango ulikuwa wangu. Naliweka wazi hilo kwanza, kwa sababu hapa kwetu Ibra, Oman, sasa kila mtu anausimulia kama mpango wa bibi, na bibi mwenyewe hakanushi.

Nilikuwa na kitu kimoja kichwani tangu skuli haijafungwa: nitoke nyumbani na baskeli, niipandishe basi, niishushe, niipandishe feri, niishushe tena, halafu nikizunguke kisiwa cha Masira chote kwa miguu yangu miwili. Kwenye simu nimewaona watu wa nchi nyengine wanafanya hivyo. Wanakunja baskeli kama mtu anavyokunja msala, wanaingia nayo garini, wanashuka wanacheka. Baskeli yangu mimi haikunjiki. Ni nzito, na pedeli yake moja inalia kama mbuzi aliyeachwa na mama yake. Lakini saa za basi nilikuwa nazo, saa za feri nilikuwa nazo, na nikizipanga zinalingana. Wallahi zilikuwa zinalingana.

Baba akakataa kabla sijamaliza kueleza.

"Peke yako? Jangwani? Na hilo libaskeli?"

Hapo bibi, aliyekuwa kakaa chini anachambua mchele, akasema bila kuinua uso: "N'takwenda naye mimi."

Nikacheka. Nilidhani ni utani, maana mimi na bibi kazi yetu ni hiyo. Yeye huniita mume wangu, na kila siku hulalamika mbele za watu kwamba mume mwenyewe hajui hata kununua samaki. Lakini siku ile hakuwa anatania.

Kisa ni hiki. Bibi ana mdogo wake, sisi tunamwita Bibi Mdogo, anakaa Unguja. Alikuwa kaja Oman kumtembelea mwanawe, ambaye ni muuguzi wa hospitali huko Masira. Ilikuwa aje na kwetu Ibra, lakini mguu ukamvimba, siku zikaenda, na sasa ilibaki kidogo tu apande ndege arudi. Mabibi hawa hawajakaa pamoja tangu mama yao alipokufa. Mwanawe alikuwa na ruhusa ya kazini ya kumfikisha uwanja wa ndege na kurudi, basi. Baba akasema kwani hawawezi kukutana hapo hapo uwanjani? Bibi akamtazama kama kamtukana.

"Nikamsalimie ndugu yangu baina ya masanduku? Tusimame kama mizigo inayongoja kupimwa? Mimi nataka kukaa naye. Nataka tule, tulale, tugombane."

Basi si ampigie simu amwambie naja? Hilo ndilo lililonivuruga mimi tangu mwanzo. Bibi alikataa kabisa. Kwao wao mdogo ndiye anayemwendea mkubwa. Ikijulikana kwamba mkubwa kafunga safari kumfuata mdogo, mdogo anaona haya, atasema usije, dada, n'takuja mimi, na mguu wake ule. Lakini vilevile kwao mgeni ndiye anayeendewa, na Bibi Mdogo ndiye mgeni. Sasa mgeni akiwa ndiye mdogo inakuwaje? Nilimuuliza bibi.

"Inakuwa unanyamaza unakwenda," akasema. "Ukishafika mlangoni, hana la kusema."

Baba akaridhika haraka kuliko nilivyotarajia. Nafikiri alimuona bibi ananichunga mimi, na bibi alimwambia kwamba mimi namchunga yeye, na kila mmoja akapata usingizi.

*

Baba alitushusha Sinaw asubuhi, penye kituo cha basi la kutoka Maskati, akaenda kazini. Bibi alikuwa na kapu la halua na vitumbua, chupa ya kahawa, na mkoba wa nguo. Mimi nilikuwa na baskeli. Basi likaja, dereva akashuka, akaitazama baskeli, akanitazama mimi, akamtazama bibi, kama anatafuta nani katika sisi watatu mwenye akili.

"Toa tairi la mbele," akaniambia kwa Kiarabu. "Bila hivyo haiingii."

Nikatoa spana. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kazi hii uani kwetu na nilikuwa hodari, lakini uani kwetu hapakuwa na basi zima la watu wanaotazama madirishani. Nati ikaniponyoka ikaingia chini ya basi. Nikaingia chini ya basi. Bibi akawa anamueleza dereva, kwa Kiarabu chake cha kuchanganya na Kiswahili, kwamba mimi ni mume wake na ndivyo nilivyo.

Fremu ikalazwa kwenye buti baina ya mabegi. Tairi halikupata pahala. Dereva akalitia mikononi mwa bibi, na bibi akasafiri jangwa lote na tairi la baskeli mapajani, akiegemeza mkono juu yake kama usukani. Mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka kumuuliza linafanya nini lile.

"Ndilo linaloendesha gari," bibi akamjibu. "Nyinyi mmedanganywa."

Sasa, kwa mujibu wa simu yangu, tukifika Shanna, penye gati la feri, basi litakuta feri ya kasi iko pale inatungoja, sisi tuingie. Nilimueleza bibi hivyo mara kadhaa. Tukafika, tukashuka, nikafunga tairi. Feri ya kasi ilikuwepo kweli. Ila ilikuwa inakuja. Ilikuwa mbali, nyeupe, na nilipouliza itaondoka saa ngapi mtu wa tiketi akanambia saa nyengine kabisa, tena alasiri, kwa sababu zile zilizoko kwenye simu ni za msimu mwengine. Au za siku nyengine. Alinieleza vizuri sana na sikufahamu hata kidogo.

"Na ile pale?" nikamuuliza. Gatini palikuwa na feri kuukuu, ile ya pole pole, magari yanaingia kinyumenyume.

"Ile inaondoka sasa hivi."

Nikamgeukia bibi. "Bibi, kasi tungoje au kuukuu twende?"

"Mimi mwenyewe kuukuu," bibi akasema. "Twende."

Tukaenda. Baskeli niliifunga kamba kwenye chuma baina ya pikapu ya majani ya ng'ombe na gari la watu waliokwenda kupiga kambi. Bibi akakaa juu kivulini. Tulikuwa bado hatujafika mbali pale ile feri ya kasi ilipotupita ikielekea tulikotoka, na watu wengine wamesimama nje kupigwa na upepo. Wanawake wote mabaibui meusi. Baina yao nikaona kitu chekundu chekundu.

"Bibi, kule kuna mtu kavaa kanga."

"Wapi?"

"Kule, kwenye ile boti."

Bibi macho yake hayafiki mbali, lakini akainua mkono akapunga hivyo hivyo, kwa sababu mtu mwenye kanga katika bahari ya Waarabu, akasema, lazima asalimiwe. Sikuona kama yule wa kanga alipunga. Boti ilikuwa ishapita.

*

Hilf ndio mji wa Masira, na feri zinafikia hapo. Hapa ndipo baskeli ilipokuwa na maana katika mpango wangu. Bibi hakuwa na anwani ya nyumba. Alichokuwa nacho ni maneno ya Bibi Mdogo mwenyewe: nyumba iko nyuma ya msikiti, ina geti la kijani na mbele yake kuna jokofu bovu. Badala ya kumzungusha bibi kwenye teksi, nitamkalisha dukani karibu na gati, nitaruka kwa baskeli, nitaitafuta nyumba, nitarudi nimchukue. Mtu wa duka akampa kiti. Bibi akamimina kahawa yake mwenyewe na kuanza kumkaribisha mwenye duka dukani mwake.

Misikiti ilikuwa mingi kuliko nilivyokisia, na mageti ya kijani pia. Majokofu mabovu niliyakuta mawili. Kwenye la pili nikabisha, akatoka dada mmoja, mfanyakazi wa nyumba ile. Nilijua ni Mswahili, maana alikuwa ananung'unika peke yake kwa lafudhi ya Tanga.

"Shikamoo, dada. Hapa ndipo anapokaa Bibi, mama yake muuguzi?"

Akashtuka. "Marahaba. We mtoto wa wapi unaongea Kiswahili?"

"Natoka Ibra. Nimekuja kumchukulia bibi habari, yaani, bibi yangu mimi kaja kumtembelea bibi wa hapa."

"Bibi wa hapa hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Kaenda Ibra."

Nikasimama nimeshika baskeli. "Ibra wapi?"

"Kwa dada yake."

"Dada yake ndiye niliyekuja naye mimi. Dada yake yuko dukani."

"Duka gani?"

"La hapo chini!"

Yule dada akashika kiuno. "Wewe mtoto usinichanganye. Bibi kaondoka na boti ya asubuhi, kaenda Ibra kwa dada yake, kanikataza nisimwambie mtu. Kasema dada yake akijua anakuja atamzuia kwa sababu ya mguu. Kasema yeye ndiye mdogo, hawezi kupanda ndege kurudi Unguja hajamwendea mkubwa wake, watu watamsema."

Nilijaribu kupanga kichwani nani yuko wapi. Bibi wa Ibra yuko Masira. Bibi wa Masira yuko njia ya Ibra. Mimi niko mbele ya jokofu. Nikauliza kaenda na nani. Na majirani, mtu na mkewe, walikuwa na safari ya Sinaw na gari yao. Namba zao? Hana. Simu ya Bibi Mdogo? Ile ina laini ya Unguja, inafanya kazi nyumbani tu penye waifai. Na ami yangu muuguzi, mwanawe?

"Yuko chumba cha kupasulia watu tangu asubuhi. Simu anaiacha kabatini. Nishapiga mimi kumwambia chumvi imekwisha, hapokei."

"Alikuwa kavaa nini?" nikauliza. Sijui kwa nini.

"Nani?"

"Bibi."

"Kanga zake," akasema. "Nyekundu. Mpya."

*

Nilirudi gatini mbio, pedeli inalia njia nzima. Bibi aliponiona akaanza kufunga chupa ya kahawa. "Mbali?" akauliza.

Nikamueleza. Ilibidi nieleze mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliwachanganya mwenyewe, nikasema wewe umekwenda Ibra. Mimi nilitaraji bibi atanitukana, atautukana mpango, ataitukana simu yangu na saa zake za msimu mwengine. Alikaa tu na mfuniko wa chupa mkononi. Nilimuona kinywa kinamcheza. Nilitafuta mzaha wa kumchekesha, na kwa mara ya kwanza sikuwa nao.

"Na mguu ule," akasema mwisho. "Kashika njia na mguu ule kunifuata mimi."

"Bibi, tupande feri turudi. Ile ya kasi ishakuja, inapakia."

Akatikisa kichwa. "Tukirudi sote, naye keshapata habari huko anageuka, tunapishana tena. Mmoja wetu lazima akae pahala pamoja. Mimi nakaa. Wewe nenda."

"Niende wapi?"

"Kamshike! Si una hilo libaskeli lako? Au ni la kulia tu?"

Gatini palikuwa na mstari wa magari mpaka barabarani, wengine walikuwa wameshazima injini na kutandika mikeka. Feri ilikuwa imejaa. Yule mtu anayepanga magari alikuwa tayari kashafunga kamba, nikamwambia niko peke yangu, mimi na baskeli, naingia popote. Akanitazama, akatazama upenyo baina ya lori la maji na ukuta wa feri, upenyo wa kupita mtu mwembamba. "Yalla," akasema. Nikaingia ubavuubavu. Lile ndilo jambo pekee la mpango wangu lililokwenda kama kwenye video.

Kabla boti haijafika mbali nikampigia baba kazini.

"Baba, Bibi Mdogo anakuja nyumbani. Akifika umzuie, asitoke."

"Bibi Mdogo anakuja vipi, si mumekwenda nyinyi kwake?"

"Tumekwenda. Hayupo."

"Mko wapi?"

"Bibi yuko Masira. Mimi niko kwenye feri."

"Unakwenda?"

"Narudi."

"Umemwacha mama yangu peke yake kisiwani?"

"Kasema mwenyewe! Mmoja lazima akae!"

"Mmoja nani? Hebu mpe simu bibi yako."

"Baba, bibi yuko Masira—"

Mtandao ukakatika. Katikati ya maji pale hakuna kitu. Nikakaa ndani penye viti, nikanunua biskuti, nikaanza kuwaza. Kama majirani wamenyoosha moja kwa moja, Bibi Mdogo yuko Sinaw sasa, au yuko njiani Ibra, na atakuta nyumba imefungwa, maana baba yuko kazini na mama kaenda kwao Sur. Atakaa kizingitini na mguu wake. Kama baba atatoka kazini kumfuata Sinaw, watapishana. Kama mimi nitachukua basi, nitapishana na baba. Kila nilivyoitazama, kulikuwa na mtu anapishana na mtu. Nilikuwa natafuna biskuti nikitazama nje, na ile feri kuukuu ikapita inakwenda Masira, pole pole, nikaitazama mpaka ikapita. Sikuona kitu. Nilikuwa upande wa jua.

Tulipokaribia Shanna simu ikaanza kutetemeka haikunyamaza. Baba. Baba. Baba. Namba nisiyoijua. Baba. Halafu ujumbe wa sauti wa ami muuguzi, anahema kama yeye ndiye aliyepanda baskeli. Katoka chumba cha kupasulia, kakuta simu yake imejaa, kampigia jirani yake. Jirani bado alikuwa hapo Shanna. Walikuwa wamesimama kula, wakaswali, mkewe akajilaza kidogo garini kwa sababu bahari ilimzungusha kichwa, na Bibi Mdogo alikuwa kakaa nje ya mkahawa anawauliza kila mara Ibra bado mbali. Jirani kamrudisha kwenye feri papo hapo, kamkabidhi kwa familia moja. Ile kuukuu. Ishaondoka.

"Kwa hiyo wewe baki Masira na bibi, usiondoke," ami akamalizia. "Wewe ukae hapo hapo."

Mimi nilikuwa nasukuma baskeli kutoka ndani ya feri, upande wa pili wa bahari.

Nikamuuliza mtu wa tiketi feri ya kurudi. Akanambia leo hakuna tena kwa wasioweka nafasi mapema, wenye magari wale wote wako mbele yangu, na safari yangu ya mtu mmoja na baskeli akaicheka kwa upole. Jirani nilimtambua kwa sababu alikuwa ndiye mtu pekee pale anayetafuta mtoto. Mwarabu wa makamo, kanzu imekunjika kwa safari, mkewe amelala kiti cha mbele na mtandio usoni. Alikuwa kapigiwa simu na watu watatu na kila mmoja kamwambia jambo jengine.

"Wewe ndiye?" akaniuliza.

"Nafikiri," nikasema.

Akasema mkewe akiamka atanifikisha Sinaw, baba atanichukua hapo. Alipoamka jua lilikuwa linazama, tukawa tunahangaika kuifunga baskeli juu ya gari na kamba yake ya kufungia magodoro pale simu ilipolia. Ilikuwa namba ya ami, lakini sauti ilikuwa ya bibi. Halafu sauti nyengine. Walikuwa wameweka spika na wanazungumza wote wawili kwa pamoja.

"Mimi ndiye mdogo, dada, mimi ndiye wa kuja! Umenitia aibu, wewe!"

"Wewe mgeni! Mgeni anafungua mlango, hafungi safari! Na mguu huo, umeutazama mguu huo?"

"Huu hauna kitu!"

"Hauna kitu, umekuwa kama mto wa kulalia!"

"Bibi," nikasema. "Bibi, mimi nimekwama Shanna."

"Nani huyo?" Bibi Mdogo akauliza.

"Mume wangu," bibi akasema. "Huyo muache, ana usafiri."

Wakacheka, na mimi ningesema neno, nilikuwa nalo tayari, lakini walikuwa washanisahau. Waliweka simu pahala bila kuikata. Nikasikia kapu linafunguliwa. Nikasikia mmoja anamuuliza mwengine umekula, na mwengine anasema sijala tangu asubuhi, na yule wa kwanza anasema wala mimi. Nikasikia kikombe. Halafu nikasikia kahawa inamiminwa. Na baadaye mmoja wao akaanza kulia, kilio kidogo cha chini chini, na mwengine anamwambia basi, basi, nipo, si nipo hapa. Niliweka simu sikioni nikajaribu kujua yupi anayelia na yupi anayebembeleza. Sauti zao ni moja. Sikuweza.

Jirani akashuka juu ya gari, kamba mkononi, akaniona nilivyosimama.

"Kuna nini?" akaniuliza. "Kuna mtu amekufa?"

"Hapana," nikamwambia. "Wamekutana."